Kutu kwenye Visu vya Mama

Safari yetu ya kutoka Mbinga kuja Dar es Salaam ilichukua siku nne, na sauti yake iliyobaki masikioni mwangu si ya injini wala ya honi, ni ya vijiko. Mama alikuwa amepakata kasha la mbao lenye ukubwa wa Biblia mbili zilizolazwa pamoja, na kila gurudumu lilipoingia shimoni kasha lile lilitoa mlio mdogo mkali, kama watu wanaosemezana kwa haraka halafu wakanyamaza. Tulipanda lori la kahawa mpaka Songea, tukalala kwa ndugu wa baba, tukapata basi mpaka Njombe ambako baridi ilinifanya nijifunike gunia, kisha basi jingine lililoharibikia njiani na kutulaza Iringa. Magodoro yalifungwa juu ya paa, cherehani ilisukumwa chini ya kiti, lakini kasha halikutoka mapajani mwa Mama. Kondakta alipotaka kulipokea ampunguzie mzigo, alimjibu kwa upole, "Hiki ni cha mkononi, baba." Hata aliposinzia, vidole vyake vilibaki vimelishika. Nilikuwa na miaka kumi, mtoto wa kwanza, na nilikuwa nimempakata mdogo wangu muda wote mpaka miguu ikafa ganzi. Baba alikuwa ametangulia. Alikuwa amepata ukarani katika ghala moja upande wa Temeke, akatupangia vyumba viwili Mbagala.

Ndani ya kasha mlikuwa na visu sita vya mezani, uma sita, vijiko vikubwa sita na vijiko vya chai sita, vyote vya stili, vimelala juu ya kitambaa cha bluu chenye manyoya mafupi. Ulipolifungua ilitoka harufu ya nafthalini na ya ubao mkavu. Masista wa misheni, ambao Mama aliwapikia kabla hajaolewa, walimpa siku ya harusi yake. Sisi wenyewe hatukuvitumia. Ugali tulikula kwa mikono na uji tulinywa kwenye vikombe vya bati. Kasha lilifunguliwa Krismasi, Pasaka, na siku padri alipopita kubariki nyumba. Siku hizo Mama alikaa mlangoni baada ya wageni kuondoka, akafuta kipande kimoja kimoja kwa kitambaa kikavu, akikielekeza kwenye mwanga kabla ya kukirudisha mahali pake. Sijui kama aliwahi kumiliki kitu kingine kilichokuwa chake peke yake.

Mbagala tuliyoikuta ilikuwa ya mchanga mweupe na mikorosho, na nyumba za tofali zilizosubiri plasta miaka yote. Mtu wa kwanza kutupokea alikuwa Mama Zaituni, jirani wa ukuta kwa ukuta. Asili yake ilikuwa Newala, mumewe alikuwa mchonga vinyago, na uani kwao kila mara palinukia mpingo uliotoka kuchongwa. Alikuja amejitwika ndoo ya maji ya kunawa, akamtua mdogo wangu kutoka mgongoni mwangu bila kuuliza, kisha akamtazama Mama aliyesimama kati ya mizigo amekumbatia kasha.

"Poleni na safari, jirani. Humo umebeba nini, mifupa ya babu?"

Mama, ambaye hakuwa amecheka tangu Songea, alicheka. Akalifungua pale pale. Mama Zaituni alichukua kijiko kikubwa, akajitazama kwenye bakuli lake ambamo sura ilikuwa imegeuka miguu juu, akakigeuza na kujitazama upande wa mgongo ambako pua ilivimba kama embe. "Kumbe mie ndiyo nina pua hivi, na mume wangu siku zote ananificha," alisema. Urafiki wao ulianzia hapo. Alimfundisha Mama kukuna nazi bila kujikata na kupika kisamvu. Mama naye alimfundisha binti yake Zaituni kushona kwa cherehani. Jioni walikaa kwenye mkeka mmoja, mmoja akimsuka mwenzake, na mimi nililala kifudifudi nikifanya hesabu za shule huku nikisikiliza Kiswahili cha Kusini na Kiswahili cha Umatengo vikitaniana.

Mtaani petu Mama Zaituni alikuwa mtunza vyombo. Akina mama walikuwa na umoja wao wa kusaidiana kwenye harusi na misiba, na chumba chake kimoja kilijaa masufuria makubwa, masinia, birika na vikombe, vingine vya umoja, vingine vya mtu mmoja mmoja alivyoazima kwa shughuli. Ufunguo aliufunga kwenye ncha ya khanga. Kila mwenye chombo alikitia alama kwa rangi ya kucha chini yake: huyu kitone chekundu, yule viwili vya zambarau, mwingine msalaba. Shughuli ikiisha, vyombo viligeuzwa juu chini uani na kila mtu akajua chake. Hiyo ndiyo ilikuwa mahakama yetu, na haikuwahi kukosea. Mama Zaituni alimwambia Mama mara mbili atie alama vyombo vyake. Mama alikataa. Hakuweza kupaka rangi ya kucha kitu alichopewa na masista. "Vyangu vinajulikana," alisema. "Nani mwingine anavyo hapa?"

Mwaka wetu wa pili ulikuwa wa ukame. Bomba lilitoa hewa tu, na maji ya bomba tuliyonunua kwenye mkokoteni tuliyafunika kwenye ndoo kwa kunywa na kupikia. Kazi nyingine zote zilifanywa kwa maji ya kisima, ambayo yalikuwa ya chumvi kiasi kwamba sabuni haikutoa povu. Katikati ya ukame huo kijana mmoja wa mtaa alioa, na ukweni walisema watakuja wazee watatu na wake zao, watu wa ofisini. Ilibidi meza kuu iwe na visu na uma. Mama Zaituni akaja kuomba kasha. Mama alisita, nikamwona, kisha akatoa. Walihesabu pamoja kwa sauti juu ya mkeka: ishirini na nne. Siku mbili baadaye Mama Zaituni alivirudisha vyote, akahesabu tena mbele ya Mama, kipande kwa kipande, akavilaza kwenye beseni vikiwa na mafuta ya pilau. Ishirini na nne.

Kuviosha nilipewa mimi, kwa sababu Mama alikuwa anakimbilia sala za jumuiya. Maelekezo yake yalikuwa matatu: tumia nusu ndoo ya maji ya bomba, usitumie kitu kigumu, futa kila kimoja kikauke ndipo ukirudishe. Nilipoinua mfuniko wa ndoo nikasikia wenzangu wakiita, chandimu inaanza, ule mpira wetu wa mtaani. Nikachota maji ya kisima, nikamwaga juu ya visu na uma, nikatumbukiza humo humo na stiliwaya, zile nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, nikakimbia. Niliporudi nilikuwa nimechoka, nikavisukumia chini ya meza. Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda shule, nilivisugua kwa stiliwaya ile ile mpaka vikang'aa kwa mistari mistari, nikavitikisa, nikavilaza kwenye kitambaa cha bluu vikiwa bado na maji, nikafunga kasha. Mama aliuliza, "Ulitumia maji ya bomba? Ulivifuta?" Nikasema ndiyo, mama. Akanipapasa kichwa.

Kasha lilikaa limefungwa hadi Pasaka. Padri alikuwa sebuleni, Mama akalifungua mezani mbele yake, na harufu iliyotoka haikuwa ya nafthalini. Ilikuwa harufu ya msumari uliolala mvuani. Vijiko vilikuwa na vitone vya kahawia hapa na pale. Uma zilikuwa na kutu kwenye mashina ya meno. Visu ndivyo vilivyokuwa vibaya zaidi, vimetapakaa madoa mekundu, na kitambaa cha bluu kimechorwa umbo la kila kimoja kwa rangi ya kutu. Padri alisema neno la kupoza, akala kwa mkono. Mama alifunga kasha taratibu. Alipoanza kusema, baada ya mgeni kuondoka, alisema kwa sauti ndogo iliyonitisha kuliko kelele: "Stili haishiki kutu. Hivi si vyangu."

Hakuna mtu mtaani ambaye angembishia. Sote tulijua kwamba stili haishiki kutu, ndiyo maana iliitwa stili. Basi kama vimeshika kutu, si stili. Na kama si stili, vimebadilishwa. Na vilikuwa vimetoka nje ya nyumba mara moja tu. Baba alijaribu kusema tusiharakishe. Lakini kesho yake alasiri Mama alilibeba kasha mpaka uani kwa Mama Zaituni, akina mama wa umoja wakiwa pale wanachambua mchele wa arobaini ya mtu, akalifungua chini.

"Mie nikubadilishie visu?" Mama Zaituni aliuliza. Mwanzoni alikuwa bado anatabasamu. "Kwangu nani anakula kwa uma, jirani? Mume wangu anakulaga kwa mikono yote miwili."

Wenzake walicheka. Mama hakucheka. "Sijasema umebadilisha wewe. Nimesema hivi si vyangu."

"Sasa kama si vyako, na mie ndiye niliyevipokea, umesema nini?"

Mmoja wao akamwita fundi redio wa kona, kijana aliyeheshimiwa kwa kujua mambo ya umeme. Alikuja na sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu. Alieleza, akizungusha sumaku ile kidoleni, kwamba stili ya ukweli sumaku haiigusi, na bati la kupaka tu ndilo linaloshikwa. Akaomba kimoja chenye kutu zaidi. Mama akampa kisu. Sumaku ilikidaka kwa mlio, ta, na fundi akaviinua vitatu kwa pamoja vikining'inia kama dagaa. "Bati hili, mama," alisema. Hakuna aliyempa kijiko ajaribu. Hakuna aliyesema tujaribu kisu kipya cha dukani. Visu vilikuwa vimenena.

Mama aligeuka akanitazama mimi. "Festo, uliviosha kwa maji ya bomba ukavifuta, au hukuvifuta?" Wanawake wote walinitazama, na Mama Zaituni pia, naye alinitazama kwa tumaini. Hilo ndilo ninaloliona mpaka leo nikifumba macho. Nikafikiri: maji hayaozeshi stili, watu wazima wote wamesema hivyo, kwa hiyo uongo wangu ni mdogo na hauhusiani na jambo hili. Nikasema, "Nilivifuta, mama." Naye akawaambia wenzake, "Mwanangu hasemi uongo."

Hawakumfukuza Mama Zaituni wala kumtukana. Wiki ile ile walimwomba ufunguo, kwa adabu, wakisema apumzike kidogo, na masufuria yakabebwa kwenda nyumba ya tatu. Nilimwona akifungua fundo la khanga. Lilikuwa limekazwa muda mrefu, ikabidi atumie meno. Sisi watoto tukamwita Mama Sumaku, na nakiri kwamba niliita na mimi. Zaituni aliacha kuja kushona. Mama alijenga uzio wa makuti kati ya nyua zetu, na jioni kila mmoja alijisuka mwenyewe. Kasha likaingia chini ya kitanda. Mama hakulitupa, hakulifungua tena, na wageni wakala kwa vijiko vya plastiki.

Niliondoka pale nilipomaliza kidato cha nne, nikawa mtu wa kuhama. Nimefunga magunia ya korosho Mtwara, nimelinda ghala Tanga, nimeuza nguo Mwanza, na kila mahali nilipoanza kujua majina ya mbwa wa jirani nilifungasha. Nikiwa na miaka thelathini na kitu nilipata kazi ya kuosha vyombo katika hoteli ya pwani, na msimamizi wangu alikuwa mzee mmoja aitwaye Kondo aliyekaa jikoni maisha yake yote. Siku ya kwanza alinikuta nimeloweka visu na stiliwaya. Alitoa ile stiliwaya kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya.

"Kijana, unataka kuniletea kutu?"

Nilimwambia stili haishiki kutu. Akanitazama kwa huruma. Alinieleza kwamba stili ina ngozi, nyembamba kuliko ya kitunguu, inayojitengeneza yenyewe ikipata hewa, na ngozi hiyo ndiyo inayozuia kutu. Chumvi inaitoboa, hasa chombo kikilowekwa muda mrefu au kikifungiwa na unyevu mahali pasipo na hewa. Stiliwaya nayo inaacha punje za chuma cha kawaida, zinashika kutu zenyewe, ukadhani ni kijiko kinachooza. Na visu ndivyo vinavyoanza, alisema, kwa sababu kisu hutengenezwa kwa stili ya aina nyingine, ngumu, ili kikate. Alitoa sumaku iliyoshikilia orodha ya zamu ukutani, akaiweka kwenye kisu kipya kilichokuwa bado na karatasi yake. Ta. Akaiweka kwenye kijiko cha seti ile ile. Ikateleza ikaanguka. "Siku zote," alisema. "Kisu kinashikwa. Hujawahi kujaribu?" Niliomba ruhusa ya kwenda chooni, nikakaa huko hadi aliponigongea.

Hapo ndipo penye kosa langu kubwa, na si lile la beseni. Nilikuwa mtoto siku ya beseni. Siku ya Mzee Kondo nilikuwa na simu mfukoni. Nilimpigia Mama kila Jumapili ya pili, tukaongea habari za goti lake, za kwaya, za mvua. Mara moja nilianza. Nikasema, "Mama, unakumbuka vile visu?" Akasema, "Usinikumbushe yule mwanamke, Festo. Nilimpenda yule." Nikasema mtandao unasumbua. Miaka mitano ilipita hivyo, kila Jumapili nikijiambia Jumapili ijayo, mpaka mdogo wangu aliponipigia asubuhi moja akilia.

Tulimzika Mama Mbinga. Kisha nikaja Mbagala peke yangu kufunga nyumba aliyoijenga na marehemu Baba kwenye kiwanja kile kile tulichopanga, walichokuja kukinunua, kwa kuwa wadogo zangu walikuwa wamekubaliana iuzwe. Kasha lilikuwa chini ya kitanda. Nilikaa sakafuni nikalisafisha kwa limau na kitambaa laini, kipande kwa kipande, na kutu ikatoka kirahisi kiasi kwamba nililia. Haikuwa imeingia ndani. Ilikuwa imekaa juu juu tu miaka yote ile. Kwenye visu peke yake vilibaki vishimo vidogo, kama alama za ndui. Nikazifunga kamba za mizigo yangu, nikabeba kasha, nikazunguka ukuta wa tofali uliochukua nafasi ya uzio wa makuti.

Mama Zaituni alikuwa barazani anachambua mchele kwenye ungo. Alikuwa amekonda, na mumewe alikuwa ametangulia siku nyingi. Nikamwamkia.

"Marahaba. Nani wewe?"

"Festo, mama. Wa hapa ukutani."

Vidole vyake havikusimama. "Umezeeka."

"Nimezeeka, mama."

"Ya mama yako nimesikia. Sikuja mlipokuwa na matanga. Nisingejua nikae upande gani wa mkeka."

Nikamwambia yote. Chandimu, maji ya kisima, stiliwaya, uongo wangu mbele yake, na visu vinavyoshikwa na sumaku hata vikiwa vipya. Alisikiliza akitupa mawe ya mchele mchangani, moja moja.

"Kwa hiyo vilikuwa vilevile."

"Vilevile, mama."

"Mie nilijua. Nilivihesabu kwa mkono wangu." Akapuliza makapi. "Mama yako ulimwambia?"

"Hapana."

"Wewe umejua lini?"

Nilitamani kudanganya. "Miaka mitano kabla hajafariki."

Hapo vidole vikasimama. Alinitazama, si kwa hasira. "Miaka mitano," alisema. "Na simu mnazo. Tungekuwa tumesukana, Festo."

Nikasogeza kasha hadi magotini pake, nikamwomba alichukue, liwe lake. Alilifungua. Alitoa kijiko kikubwa, akakigeuza mgongo, akajitazama, na midomo ikacheza kidogo. Kisha akakirudisha mahali pake kwenye kitambaa chenye michoro ya kutu, akafunga, akanisukumia.

"Chukua kasha lako, mwanangu. Vikikutwa humu ndani siku nikifa, watasema si mnaona, alikuwa navyo." Nilipotaka kulitia kwenye begi alinizuia kwa mkono. "Usilifiche. Libebe mkononi, watu wakuone unatoka nalo kwangu."

Nikalibeba mbele ya kifua kwa mikono miwili, kama Mama alivyolibeba kutoka Mbinga, nikapita nalo mtaa mzima polepole kuelekea Barabara ya Kilwa. Mikorosho haipo tena. Kuna nyumba za ghorofa, vibanda vya kutuma pesa kwa simu, matangi ya maji juu ya kila paa, na wapangaji waliohamia juzi, vijana ambao hawajawahi kutia kitone cha rangi ya kucha chini ya sinia kwa kuwa shughuli sasa zinapelekwa ukumbini na vyombo vinakodishwa. Nilitafuta uso mmoja wa wale waliokuwa uani siku ya sumaku. Vijiko vililia ndani ya kasha kila nilipokanyaga, na nilikanyaga kwa nguvu ili vilie zaidi, lakini hakuna aliyegeuka kutazama. Nilipofika kona niliangalia nyuma. Mama Zaituni alikuwa amesimama barazani na ungo mkononi, ananihesabia hatua mpaka nitoke.